Seli ya Mnyama Iliyonyimwa Ukuta

Mowlem, Nairobi.

Kwa Mwalimu Nthenya, Sayansi, Gredi ya Saba.

Mwalimu mheshimiwa,

KUH: ALAMA YA TRIZA

Natumai u mzima na kidole kinapona. Mimi ni Jackton Mulama, babake Triza, na kazi yangu ni kuchomelea mageti hapa Mowlem. Naandika kwa heshima zote zilizobaki, kuhusu modeli ya seli ya mnyama uliyoirudisha nyumbani Ijumaa ikiwa na maneno "mbali na matarajio". Matarajio ya nani, hukusema.

Modeli hiyo niliitengeneza mimi, kama ilivyo desturi tangu mtaala huu uingie: mtoto anapewa kazi, mzazi anaifanya, mwalimu anamkosoa mtoto. Malalamiko yangu ni haya.

1. Umeandika kwa wino mwekundu kwamba seli ya mnyama haina ukuta, ina utando tu. Utando, mwalimu. Kiini nilikiunda kwa kokwa ya avokado, mitokondria, zile zinazotoa nguvu, nikaziunda kwa maharagwe, kila kitu cha maana kiko ndani, halafu nifunike kwa karatasi ya nailoni? Hapa kwetu hata kuku ana ukuta. Nilizungushia seli ukuta, nikapanga vipande vya chupa juu yake na kuweka geti dogo. Kwamba ulijikata ukiikagua ni ushahidi kuwa ukuta ulikuwa kazini.

2. Unadai utando huo huchagua kinachoingia na kinachotoka. Nimeunda mageti maisha yangu yote na sijaona hata moja linalochagua. Anayechagua ni bawabu, na bawabu hukumchora ubaoni.

3. Nimekisoma kitabu cha Triza nikabaki mdomo wazi. Mmea una ukuta. Una vakuoli kubwa ya kuweka maji, sisi tukisubiri mfereji ukohoe. Una kloroplasti za kujipikia chakula kwa jua. Mnyama kapewa vakuoli ndogondogo, labda za kunawia uso. Sukuma wiki niliyoipanda kwenye gunia mlangoni inaishi vizuri kuliko mimi, na wewe unayafundisha haya kwa sauti ya kawaida kana kwamba ni haki.

4. Kwa hivyo naomba shule iiandikie Wizara ili wakaazi wote wa mitaa yetu ya Eastlands wagawiwe kloroplasti, tukianza na wa Mathare. Wao jua huwapiga kutwa wakitafuta vibarua na halijawahi kumwivishia mtu hata ugali. Wizara ikishindwa, mimea yote ing'olewe kuta zake tuwe sawa.

5. Hili ndilo linaloniuma. Triza amesema kazi ijayo, modeli ya moyo, ataipeleka kwa jirani yetu Nzivo, karani anayejua kompyuta. Sina mtoto mwingine, mwalimu. Nimemsaidia tangu chekechea, na wewe umenifuta kazi kwa maneno matatu. Badilisha alama hiyo nirudishiwe nafasi yangu.

Wasalimie walimu wenzako, wapishi, na mzee anayefungua lango la shule, ambaye naamini yuko upande wangu.

Nangoja jibu lako bila kukasirika sana,

Jackton Mulama.

Tanbihi: Triza alikataa kuibeba barua hii kabla ya kuisoma. Alipoimaliza aliniuliza kama nimewahi kuona mti ukipiga magoti. Anasema ukuta wa seli ndio unaoufanya mmea kuwa mgumu, na kwamba seli zangu zingekuwa na ukuta nisingeweza kuinama naye sakafuni kubandika maharagwe, wala kumkumbatia. Kisha akanikumbatia, jambo ambalo hajalifanya tangu aanze kujiona mkubwa. Ukuta nimeubomoa. Alama iache ilivyo. Kwa Nzivo haendi tena. Jumamosi tunaanza moyo, yeye na mimi. Anasema moyo una milango minne ya kupitisha damu, na hiyo ameniachia mimi.