Koti Refu na Machozi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Koti la shujaa limekamilika. Jeusi, refu hadi vifundoni, mifuko sita. Shujaa ni mimi. Mwongozaji pia mimi. Hadithi bado, lakini koti likipepea nani ataulizia hadithi? Mke wangu ameulizia. Kanipa hadi Jumapili: filamu isipopata ukumbi, narudi kwenye cherehani moja kwa moja. Eti sare za watoto wa watu zimelala tangu mwezi jana. Haamini vipaji, huyu.

Jumanne, 4 Machi
Tumerekodi kutembea polepole. Saa tatu nzima. Kinyozi wa jirani, ndiye jambazi letu, amegoma kuanguka kabla ya kuzunguka mara mbili. Anataka kunipiku kwenye filamu yangu mwenyewe! Nimemwambia jambazi akipigwa huanguka. Kasema ataanguka akiwa tayari.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe kaigiza mama wa shujaa. Kazi yake: anifunge vifungo vya koti, sekunde kumi, aondoke. Kafunga kimoja, kanitazama, machozi hayo. Akasema mtoto akiondoka bila kugeuka nyuma, mama hubaki anahesabu hatua zake. Dakika kumi na moja! Ningemkatizaje? Mkwe ni mkwe. Nilisimama nimeinamisha kichwa, koti halikupepea hata kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Kipande cha mama mkwe nimekiondoa chote. Mwenye ukumbi kaletewa filamu safi: kutembea, moshi, koti. Akasinzia. Alipozinduka akauliza huyu mtu anapigania nini. Nikamwambia haki. Akauliza haki ya nani. Mke wangu akamwonyesha kipande cha mama yake kwenye simu. Katazama mara mbili, kasema kisiporudi, Jumapili hakuna filamu. Nimekubali shingo upande.

Jumapili, 9 Machi
Ukumbi umejaa! Nilipotembea, watu walikuwa wakitafuta viti. Mama mkwe alipolia, hakuna aliyetafuta kiti tena. Mzee mmoja kaomba kipande hicho kirudiwe. Mke wangu akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya siku nyingi, nami nikafurahi. Kasema tutengeneze nyingine, mradi mama awemo.

Atakuwemo. Tatizo nimeshaliona: uso wake unawasahaulisha watu koti. Safari hii ataendesha pikipiki mwanzo hadi mwisho, helmeti nyeusi, kioo kimeshushwa. Nimeshampima kichwa. Amedhani namtengenezea kofia ya shukrani, akanibariki.