Magunia ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Imebaki nafasi moja. Jumapili klabu yetu inachagua mtu wa mwisho wa kwenda kuruka kwenye uzinduzi wa uwanja mpya wa mbao za magurudumu, zile skateboard. Ni mimi au shemeji, kaka wa mke wangu, mwoka mikate mwenye kitambi kunizidi. Leo mazoezini karuka kreti tatu za soda zilizopangwa mstari, yeye na ubao wake. Mimi mbili, na ya pili nikaiangusha. Binti yangu ameshalitangazia darasa zima kwamba atakayeruka ni baba yake.

Jumanne, 5 Machi
Siri nimeinasa. Nilikuwa dirishani kwangu natengeneza saa ya mteja. Ng'ambo ya barabara namwona shemeji anapandisha magunia ya unga stoo ya juu. Ngazi kumi na saba, gunia kilo hamsini. Kumbe miguu ile inatoka huko! Mimi miaka ishirini nimekaa kitini, kizito ninachoinua ni saa ya ukutani. Nikamwendea kwa upole. Nikasema namhurumia mgongo wake, wiki hii acha nibebe mimi. Alinitazama sana, kisha akasema Mungu anizidishie. Kaingia mtegoni mzima mzima.

Jumatano, 6 Machi
Magunia kumi na mawili. Shemeji yuko kivulini kwenye kiti cha plastiki, anakunywa chai na kunihesabia. Maskini, hajui nguvu zake zinahamia kwangu. Nahodha wa klabu, tunayemwita Nesi kwa kazi yake ya hospitali, alipita akasema nguvu za kuruka hujengwa polepole, wiki nyingi, mara mbili kwa wiki, na kupumzika katikati. Maneno ya watu wenye nafasi. Mimi nina siku nne.

Ijumaa, 8 Machi
Jana sikuandika, mkono uligoma kushika kalamu. Leo magunia ishirini. Shemeji kaagiza ya ziada, eti kwa kuwa nipo. Ngazi nashuka kinyumenyume. Mke wangu aliniuliza chooni nafanya nini muda wote ule. Sikumwambia kwamba nilishindwa kuinuka. Alinichua mapaja huku akisema kaka yake kanigeuza kibarua. Nikamwambia mambo ya mazoezi hayajui.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji karuka kreti nne. Safi, hata moja haikutikisika. Akawaambia watu hajapata kupumzika hivi tangu afungue duka.

Zamu yangu. Nikasukuma ubao, nikachuchumaa ili niruke. Nikabaki nimechuchumaa. Ubao ukaenda nami taratibu mpaka kreti ya kwanza, ukasimama. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Binti yangu alikuja akaninyanyua kwapani. Akasema kesho darasani atawaambia mvua ilinyesha. Hilo limeniuma kuliko mapaja.

Njia nzima nimewaza. Mimi nilipokuwa nabeba, shemeji alikuwa anafanya nini? Amekaa. Wiki nzima amekaa, na leo kreti nne. Mbona sikuliona mapema? Siri si magunia. Siri ni kile kiti.

Nimekwenda kumwomba aniazime. Kasema nichukue tu, ila kesho gari la unga linafika saa moja asubuhi na hana mtu wa kubeba. Nimekubali kabla hajabadili mawazo. Sasa nimekikalia, na miguu naisikia kabisa inapata nguvu.