Punda Atakula Nyumbani

Jumamosi, 6 Mfunguo Tano, mwaka 1303 wa Hijra. Bagamoyo.

Nimekata shauri. Kuanzia kesho punda wangu atakula nyumbani. Nimechoka kumpeleka banda la misafara kila alasiri, kungoja zamu nyuma ya punda wa watu wa bara, na kurudi magharibi nikinuka kama wao. Jirani yangu Mwinyimvua humlisha wake mlangoni. Jike, mwembamba, mbavu zinahesabika. Leo ameniuliza mbele za watu kama wangu ni punda wa kupanda au wa kungojea. Wamecheka. Wangu ni wa Maskati, mweupe! Hawajui kitu.

Jambo lenyewe si mchezo. Alhamisi tunakwenda Kerege kumposea mwanangu Ausi. Binti anaitwa Tabia, na baba yake, Mzee Mtoro, ametuma neno tufike kabla ya adhuhuri, maana kuna watu wa Pangani nao wanamtaka. Nataka anione nikiingia juu ya mnyama aliyeshiba.

Jumapili, 7.

Nimemweleza mke wangu Ashatu. Amesema punda hatatia mguu uani kwake, ndiko anakoanika mpunga. Nimefikiri tangu chai hadi adhuhuri. Amesema mguu. Kichwa hakukitaja.

Nitatoboa ukuta. Punda atasimama kichochoroni, kichwa kitaingia ndani, hori litakuwa ndani. Ajabu hakuna aliyewahi kuliwaza hili.

Jumatatu, 8.

Tundu limekamilika. Udongo laini, kazi ya asubuhi moja. Kosa dogo: nilipimia nje tu. Limetokea jikoni, juu kidogo ya mafiga. Punda ameingiza kichwa vizuri sana, akaacha majani, akala unga wote wa vitumbua uliokuwa umeumuka kwenye chungu. Ashatu hajasema neno tangu hapo. Afadhali angesema.

Jumatano, 10.

Leo hori tupu, na punda wangu amelala kichochoroni. Tunduni kichwa kingine, kinatafuna polepole. Jike la Mwinyimvua! Nimekwenda kushtaki. Amenijibu kwa upole kwamba mnyama wake alidhani ni sadaka, tundu likiwa wazi kwa kila mpitaji.

Sikubishana. Kesho ni safari. Nimeona wazi kwamba kadiri nitakavyomjaza leo, ndivyo atakavyofika mbali kesho. Nimempa mtama uliorowekwa, boga zima, maganda ya muhogo, ndizi, na maji yenye asali. Alipokataa nilimbembeleza. Ashatu amefungua kinywa hatimaye, akasema yule ni punda, si gunia.

Jioni Mwinyimvua kaja kumwazima Ashatu jike lake kwa safari, akasema atakuja nasi alishike kamba mwenyewe. Nimemshukuru. Nikamwambia atakula vumbi langu.

Alhamisi, 11. Kerege.

Tumetoka baada ya sala ya alfajiri. Mimi mbele. Nyumba za mwisho za mji tulizipita kwa fahari. Kisha punda akasimama, akapumua, akaketi. Tumbo kama ngoma. Nilimvuta. Nilimsihi. Nilimsomea dua. Jua likapanda.

Ashatu akapita juu ya jike lile jembamba, Mwinyimvua ameshika kamba, Ausi nyuma yao. Ausi alitaka kubaki nami. Nilikataa, nikawaambia nampumzisha mnyama.

Nilitembea. Punda akanifuata, maana kamba ilipolegea tu aliinuka. Nimefika alasiri, vumbi hadi magotini. Barazani watu wanakunywa kahawa, nyuso kunjufu. Posa imekubaliwa tangu adhuhuri. Mwinyimvua ndiye aliyesema kwa niaba yetu, na inaonekana alisema vizuri. Watu wa Pangani wamekwisha kurudi.

Mzee Mtoro alinikaribisha kwa heshima, akanipisha mkekani. Kisha akaniuliza taratibu, "Na wewe, bwana, wamhusuje bwana harusi?"

Nikamwambia, "Mimi ni baba yake."

Ausi akaondoka pale barazani, akarudi na kata ya maji, akainama akaniosha miguu mwenyewe mbele ya wakwe zake. Mzee Mtoro alimtazama muda mrefu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Jumamosi, 13. Bagamoyo.

Nimepumzika, nimetafakari. Kosa nimeliona. Halikuwa langu. Ni punda kwa asili yake: kila siku lazima ale. Mnyama wa namna hiyo atamfikisha mtu wapi?

Nimembadilisha. Mwenye kinu cha mafuta ya ufuta amemchukua, nami nimepata ngamia. Ngamia hunywa mara moja akatembea siku nyingi. Huyu ni mtulivu, amezungusha kinu miaka kumi na mmoja bila kuugua. Nashangaa jinsi mwenye kinu alivyokubali upesi.

Nimempanda alasiri pale uwanja wa soko, watu wakitazama. Mwendo mzuri, wa kiungwana. Alizunguka uwanja kwa mkono wa kulia mara saba, akasimama palepale tulipoanzia. Mwinyimvua alikuwapo. Hakusema neno, na hiyo ni dalili ya wivu.

Bila shaka anauzoea mji. Kesho nakwenda naye Kiwangwa. Nimemwambia Ashatu asiningoje chakula cha mchana.