Samaki Mupya ya Méschac

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Habari kubwa! Radio imesema wanasayansi wamekuta ndani ya Mweru, ziwa letu hili hili, aina za samaki zaidi ya makumi ine zenye hazikujulikana. Zamani sana samaki za mito mbalimbali zilikutana humu, zikaoana. Watoto wakagawana kazi: hawa wanavunja konokono, wale wanakula wadudu, wengine wanakula wenzao. Kama familia ya muke wangu.

Nyingi hazijapewa jina! Na Docteur Chilufya, mwanamuke wa Lusaka mwenye kuchunguza samaki, atafika bandarini Jumatano. Nimeamua. Moja itaitwa Méschac, jina langu.

Jirani yangu Didier, muchuuzi wa samaki kama mimi, naye amesikia radio. Alikuwa anatabasamu. Muharibifu!

Jumanne, 4 Novemba

Nimezunguka soko lote. Kila samaki, wamama wanaijua jina. Hasira! Bon, nimenunua tilapia mudogo na nimemupaka mistari ya violet, ile dawa ya midomo ya watoto wachanga. Ametoka muzuri kabisa. Hata mimi nilishangaa, kama vile simujui.

Nimemuficha nyuma ya jikoni, chini ya gunia lenye maji. Rosalie, muke wangu, aliuliza mbona vidole vyangu viko hivi. Nikamujibu ni wino wa kalamu ya bic. Akaangalia mikono yote mbili, akarudi kwa sufuria yake. Mama yake, mwenye alivuka ziwa kutoka Pweto kututembelea, akaniangalia pia. Yeye akauliza ninaficha nini nyuma ya jikoni.

Jumatano, 5 Novemba, asubuhi

Gunia liko. Samaki haiko!

Mama-mukwe amekaa mbele ya sahani ya mifupa. Alimutoa magamba, akamukaanga na nyanya, akamumaliza peke yake. Rangi? Alizani ni samaki ya huku upande wa Zambia. Akafungua mudomo kucheka. Ulimi violet! Meno violet!

Na kama ile violet ni sumu? Nitawaambia nini wakwe zangu kule Pweto? Kwamba mama yao amekufa juu ya sayansi?

Nimekimbia mpaka kliniki, nikaulizia kwa niaba ya rafiki. Nesi Ennie akauliza kama rafiki ndiye mwenye vidole hivi. Akasema kidogo kama kile chenye kilibaki kwa samaki hakiwezi kumuua mutu, lakini nimulete amuangalie. Nimemuleta. Amemupima, amemuuliza kama tumbo linauma. Mama-mukwe akajibu:

"Tumbo iko muzuri. Mukwe, ile samaki ulificha ni tamu. Ingine iko wapi?"

Nilikaa chini palepale, kwenye sakafu. Asante Mungu! Nilicheka mpaka wagonjwa wakanihurumia.

Jumatano, magaribi

Bado nacheka. Bandarini Didier alifika na samaki yake ndani ya beseni, imefunikwa na kitenge. Mapezi mekundu kama moto. Watu wakapiga makofi. Nilitaka kulia.

Docteur Chilufya akachovya pamba ndani ya maji, akapangusa pezi moja. Pamba ikawa nyekundu. Rangi ya midomo ya muke wake! Docteur hakukasirika. Akaeleza watu wote kwamba rangi peke yake haitoshi: wanaangalia mudomo, meno, kisha wanakata kipande kidogo cha pezi ili kusoma damu ya ukoo. Samaki inaweza kudanganya macho, akasema, lakini haiwezi kudanganya ukoo wake. Bandari nzima ikacheka Didier. Mimi nikacheka kupita wote, mikono ndani ya mifuko.

Mama-mukwe ameniokoa! Nimemununulia soda. Nimeapa: sayansi, basi.

Alhamisi, 6 Novemba

Radio ya leo: sayari Zohali, ile yenye pete, imekutwa na miezi mipya mia moja makumi mbili na munane. Sasa jumla ni mia mbili makumi saba na ine. Vidogo vidogo, vimawe tu. Na mingi haina majina, namba tu!

Hapa hakuna pamba. Hakuna mutu wa kuipangusa.

Nimemwambia mama-mukwe kwamba moja sasa inaitwa jina lake. Amefurahi sana, anataka kutangaza Jumapili kanisani. Didier atakonda! Akaomba kuiona. Giza lilipoingia nikamuonyesha moja nzuri, chini kabisa, juu ya maji. Ikaanza kwenda upande wa Kilwa: ilikuwa taa ya mutumbwi, na wanaume wawili ndani wanapiga kasia.

Hakuna shida. Kesho nitachagua yenye haina wavuvi.