Majani ya Baba Philbert

Jumatatu, 3 Juni 1974
Mwalimu wa kisomo katuambia akina mama tuandike kila siku, herufi zisitutoroke. Basi naandika. Tumerudi kutoka hospitali Bukoba mjini. Asante Mungu, mume wangu anapumua! Daktari kasema presha imepanda, moyo unahangaika. Chumvi apunguze, nyama ya mafuta aache, mboga mbichi ale kila siku. Nikashukuru mpaka daktari akasema basi mama, inatosha.

Jioni nikakata kabichi nyembamba, karoti, nyanya, kitunguu, nikakamulia limau la kibanjani. Chumvi hakuna. Maji ya ndizi hayajachemka, kachumbari tayari! Baba Philbert akaitazama, akauliza kama nimemwona ameota pembe. Wifi Celina, dada yake, akacheka mpaka akashika ukuta. Nimelia kidogo jikoni. Akiniondokea, nani ataniita kwa ile sauti yake ya kuniudhi?

Jumanne, 4 Juni
Akili imenijia! Nikaficha kachumbari chini ya ebitoke, ndizi zetu na maharage, zikitoka motoni. Nikafunika kwa jani la mgomba kama siku zote. Atachota, atakula, hatajua. Kumbe moto wa ndizi umeivisha kila kitu. Baba Philbert kasifu mchuzi. Mchuzi! Wifi kaomba aongezewe.

Alhamisi, 6 Juni
Mbinu mpya. Mbele ya mgeni, mwenye nyumba hasusi chakula. Nikamwalika Mzee Karugendo, balozi wetu wa nyumba kumi, akitoka shamba la ujamaa na jembe begani. Nikatenga kachumbari sahani nzima. Nimesahau upande wa pili: mgeni ndiye hupewa! Baba Philbert kazi yake kumsogezea sahani tu, ati kula balozi, kula, usione haya. Balozi kala. Kanywa hata maji ya limau. Wifi kaninong'oneza kwamba moyo wa balozi sasa utafika miaka mia. Mwanamke huyu!

Ijumaa, 7 Juni
Mungu mkubwa! Balozi kapita asubuhi kuuliza yale majani matamu yatakuwepo tena lini. Baba Philbert kanuna. Ati mtu atoke kwake aje kumaliza chakula cha mwenzake? Mchana kaagiza mwenyewe: nileteeni majani yangu, na mlango ufungwe. Kala mbichi, bila chumvi, jicho dirishani. Nilisimama jikoni nikisikiliza kabichi inavyolia menoni mwake. Kwaya ya Pasaka haikunifurahisha hivyo. Wifi naye kaleta karoti za kwake. Nimemshukuru kwa moyo wote. Karibu wote.

Jumamosi, 8 Juni
Nathanieli, tabibu wa zahanati, katuma salamu. Kesho akitoka kwenye ibada yao ya Kilutheri atapita kula nasi, aone mgonjwa anakula nini. Aje tu! Mbinu zangu zimefanya kazi zote.

Lakini Baba Philbert naye ashukuriwe, maskini, kavumilia majani. Nimemnunulia nundu ya ng'ombe, mafuta matupu, anavyoipenda! Nitaiweka chini, ya moto kabisa, juu nifunike kachumbari. Tabibu ataona kijani tu. Na sahani nitaitenga mbele yake yeye mgeni, kwa heshima.

Asante Mungu kwa kunipa akili.