Unga wa Kijani wa Bwana Afya

Ulimi hakuwa mwizi, na ukimwita hivyo alinuna siku nzima. Mwizi huchukua mali wakati mwenyewe hayupo, jambo ambalo Ulimi aliliona ni dharau. Yeye alipenda mwenye mali awepo, akae kitako, amsikilize, kisha aitoe mwenyewe kwa mikono miwili na kusema asante. Jina la Ulimi alibandikwa mtaani kwa sababu ya kazi. Jina alilopewa na wazazi lilikumbukwa na dada yake tu, naye alilitumia akikasirika.

Asubuhi hiyo alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha meza ya Mama Juisi, chini ya jengo la ofisi la ghorofa nane. Mbele yake alisimama meneja wa kampuni moja ya bima, mtu ambaye tumbo lake lilifika kazini kabla yake. Meneja alipopewa glasi yake ya ndizi na parachichi, alitoa mfukoni kikopo cheusi, akakifungua taratibu, akachota kijiko cha unga wa kijani na kukoroga.

"Samahani, bosi," Ulimi akasema. "Hiyo ni dawa?"

"Ni majani. Shemeji yangu aliniletea kutoka ng'ambo. Yanasafisha damu, yanakata tumbo, yanarudisha nywele."

Ulimi aliutazama upara wa meneja, akanyamaza kwa adabu. Kisha akauliza bei. Meneja akamnong'oneza, na Ulimi akalazimika kushika meza. Kwa bei hiyo ungenunua jozi mbili za viatu vya ngozi na bado ukarudi nyumbani kwa teksi.

"Na kimebaki kiasi gani?"

"Vijiko vitatu," meneja akajibu, kwa huzuni ya mtu anayeuguza.

Ulimi alihisi kitu kikimtekenya nyuma ya shingo, kama kinavyomtekenya kila anapoona mtu mzima, mwenye elimu na gari, akiililia nafasi ya kutapeliwa. Huyu alikuwa tayari. Kilichokosekana ni majani, na majani Ulimi alikuwa nayo mengi mno. Alikuwa akilala chini yake.

Tuseme ukweli kuhusu alikolala. Dada yake aliuza mboga sokoni. Zile ambazo hazijanunuliwa hadi alasiri alizirudisha nyumbani, akaziosha mara tatu, akazitandaza kwenye nyavu zilizofungwa kona kwa kona katika chumba cha uani. Zikikauka alizitwanga, akachekecha, akajaza unga kwenye magunia. Chumba hicho cha uani ndicho alichompa mdogo wake miaka miwili iliyopita, "kwa wiki moja hivi". Kitanda cha Ulimi kilikaa chini ya nyavu. Majani makavu yalimwingia masikioni akiwa usingizini, na kila alfajiri dada aliingia bila kubisha kuyageuza, akimkanyaga mguu kama mkeka.

Ulimi alikuwa na miaka thelathini na minane, na alichokitaka duniani ni mlango. Mlango wake, wenye kufuli lake, na ufunguo mfukoni mwake. Magari na mashamba aliwaachia wenye tamaa. Yeye alitaka tu kuamka siku moja asimwone mtu amesimama juu yake na mchanganyiko wa majani mkononi.

Unga ule ulikuwa wa nini? Hakuwahi kuuliza. Alidhani ni wa sungura. Kwamba nyumbani kwao hakukuwa na sungura hata mmoja halikumsumbua, kwani hakuwa na tabia ya kuchunguza mambo yasiyoingiza kitu.

"Dada, naomba unga kidogo," alisema jioni ile. "Kuna jamaa yangu anafuga sungura."

Dada alikuwa anachambua mchicha. Aliinua macho, akamtazama kwa muda. "Wengi?"

"Wengi sana, dada. Na wana njaa."

"Chukua. Lakini usiuweke juani, mdogo wangu. Na kopo ulifunge vizuri."

Hakuuliza zaidi, na Ulimi alimhurumia kidogo kwa wepesi wake wa kuamini.

Siku tatu baadaye Ulimi alirudi kwenye meza ya Mama Juisi akiwa amevaa koti jeupe na miwani isiyo na nguvu yoyote. Sasa alikuwa Bwana Afya. Kopo lake lilikuwa jeusi, dogo kuliko la shemeji, lenye karatasi ya dhahabu. Alilifungua mbele ya meneja, akajitilia kijiko kwenye glasi yake, akalifunga haraka na kulirudisha ndani ya koti.

"Na mimi naomba," meneja akasema.

"Haiwezekani, bosi. Huu si wa kuuza."

Hapo ndipo msomaji aliyewahi kutapeliwa atatikisa kichwa, na ambaye bado aweke akilini. Ulimi alikataa siku ya kwanza. Akakataa siku ya pili, akaeleza kwa nini: majani haya huota juu ya mlima ambao kwa sababu za kiusalama hawezi kuutaja, mara moja kwa miaka saba, na huchumwa na wanawake wasioruhusiwa kusema neno wakiwa kazini, kwa sababu pumzi ya maneno huyapunguza nguvu. Siku ya tatu meneja alimshika mkono na kumwambia ana presha, ana watoto wanne, na haziwezi ngazi. Ulimi akafuta miwani, akameza mate, akamuuzia makopo mawili kwa bei ya shemeji na nusu yake juu.

Ndani ya mwezi mmoja jengo zima lilikuwa la kijani. Ghorofa ya pili walikunywa, ya tano walikunywa, mlinzi wa getini alichangiwa kijiko. Na hapa mambo yalianza kumchekesha Ulimi. Watu walimletea shuhuda. Mhasibu wa ghorofa ya nne alisema kizunguzungu kimemtoka. Meneja alionyesha mkanda wake uliosogea matundu mawili, akakiri kwamba siku hizi glasi ile humshibisha hadi saa saba na ameacha maandazi yake matano ya asubuhi.

"Ama kweli," Ulimi alimwambia Mama Juisi kwa sauti ya chini, "mtu akilipa vizuri anapona hata kwa chakula cha sungura."

Mama Juisi alikuwa anamenya chungwa. "Ni cha sungura?"

"Siri yako na yangu, mama."

"Siri yangu na yako, daktari," akajibu, akaendelea kumenya.

Jumatatu iliyofuata alikuja mwanamke wa makamo mwenye sare ya hospitali na daftari. Alijitambulisha kwa upole kwamba yeye ni mtaalamu wa lishe, akaagiza glasi, akaonja, akatikisa kichwa polepole.

"Nina maswali matatu tu, Bwana Afya. La kwanza, humu mna majani gani?"

Ulimi, ambaye maneno hayakuwahi kumkauka tangu azaliwe, alifungua mdomo akakuta mna hewa. "Ya... mlimani."

"Ya mlimani. Na yalikaushwa juani au kivulini?"

Miaka miwili yalikaushwa juu ya pua yake. Alijaribu kukumbuka kama chumbani mwake huwa na jua. "Yalikaushwa kwa utaratibu," akasema.

"Na yanaoshwa mara ngapi?"

Ulimi akavua miwani, akaitazama. Mtaalamu akaandika mstari mmoja mrefu kwenye daftari, akachota kijiko, akakitia kwenye kimfuko. "Nitakipeleka maabara. Majibu Ijumaa."

Alipoondoka, Ulimi alikuwa anatoka jasho ndani ya koti jeupe. Alijiona mahakamani, alimwona meneja akimnyooshea kidole, alimwona dada akimtaja kwa jina lake la nyumbani mbele ya hakimu. Hilo la mwisho ndilo lililomuumiza.

"Kazi yako nzuri, lakini naona imeingia mdudu," Mama Juisi akasema. "Basi niuzie mimi."

"Nini?"

"Yote. Makopo, karatasi za dhahabu, wateja, jina. Mimi ni mama mzee, watanionea huruma. Ila uniandikie kwamba huutengenezi tena wala huuuzi."

Ulimi alikaribia kumkumbatia. Mwanamke huyu alikuwa ananunua nyumba inayowaka moto, na anaomba hati. Alijifanya kusita kwa sababu kazi ni kazi, akapandisha bei kidogo, akatia sahihi. Mama Juisi akampa bahasha nene.

"Na kama unatafuta chumba," akaongeza, "kuna cha ghorofani mtaa wa nyuma. Mlango wa chuma, kufuli jipya. Dalali namjua, lakini wanataka kodi ya mwaka mzima."

Bahasha ilitosha mwaka mzima barabara, bila kubaki hata ya soda. Ulimi hakuliona hilo kuwa la ajabu. Alhamisi alipewa ufunguo, akalala peke yake, amejifungia, akicheka gizani.

Ijumaa alfajiri aliamshwa na mngurumo chini ya kitanda. Kitanda kilitetemeka, meno yakagongana. Akashuka ngazi na ufunguo mkononi. Chumba cha chini, kilichokuwa kimefungwa jana, kilikuwa wazi. Blenda tatu zilikuwa zinaunguruma kwenye meza ndefu. Foleni ilifika barabarani, na wa kwanza alikuwa meneja. Nyuma ya meza alisimama Mama Juisi, na kando yake, amefunga aproni safi, dada.

"Umeamka," dada akasema.

Mtaalamu wa lishe alikuwepo pia, anabandika karatasi ukutani. Ulimi alisogea akaisoma. Majani ya mlonge, mchicha, majani ya bitiruti. Madini ya chuma: mengi. Kalsiamu: nyingi. Vitamini A: imehifadhiwa vizuri, kwa kuwa yalikaushwa kivulini. Chini yake palikuwa na ushauri kwamba unga unywewe na chungwa ili mwili uyachukue madini hayo ya chuma, na parachichi kwa kuwa vitamini A inahitaji mafuta. Kuhusu nywele hapakuandikwa kitu.

"Nimekuwa nikimpimia dada yako tangu mwaka juzi," mtaalamu akamwambia. "Kila gunia jipya. Wewe nilitaka kujua tu kama unajua unachouza."

Ulimi akageuka kwa Mama Juisi. "Hii nyumba ni ya nani?"

"Mimi na dada yako tunajuana sokoni. Tumeipanga sisi wawili, yote, juu na chini. Kodi ya mwanzo ndiyo ile iliyokuwa kwenye bahasha niliyokupa. Ahsante kwa kutufikishia kwa dalali."

Ulimi aliketi kwenye ngazi. Uchungu ulimpanda, na haukuwa uchungu wa kuibiwa. Mara moja tu katika maisha yake alikuwa ameshika kitu cha kweli, akakiuza kwa haraka kama mtu anayetupa mzigo wa wizi. Dada alimletea glasi, akakaa kando yake. Blenda zilipotulia, Ulimi akasema:

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Miaka miwili nilingoja uniulize. Nilitaka biashara hii tuifanye wote, mimi nitwange, wewe useme. Ukaniambia una sungura."

Macho yalimlowa Ulimi, akayaacha.

"Na ningekuambia siku ile," dada akauliza, "kwamba ni mlonge na mchicha wa hapa sokoni, na unafaa kweli. Ungeuuza?"

Kwa mara ya kwanza Ulimi akamjibu dada yake bila kuongeza kitu.

"Nisingejua nianzie wapi."