Shabaha Nambari Saba

Jumatatu, 2 Septemba

Leo nimeanza maisha mapya. Jumapili ni shindano kuu la klabu yetu ya bunduki hapa kwenye mji wetu mdogo wa Wirrabong, na mshindi wa mwaka huu ni mimi, Desmond Pruett, muuza matangi ya maji. Sijashinda bado. Hilo limebaki suala la tarehe tu.

Shida yangu haijawahi kuwa mkono. Mkono ninao, jicho ninalo. Shida ni kichwa. Nikishalala kifudifudi pale mstarini, shavu kwenye kitako cha bunduki, kichwa kinaanza kunihoji. Jiko umezima? Upepo haujageuka? Clive amepata ngapi? Clive ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu Glenys. Kazi yake kukata manyoya ya kondoo, na kichwani mwake hamna swali hata moja. Hufyatua huku anatafuna. Ameshinda mara tatu.

Kwetu mshindi hubebwa. Anakalishwa kwenye kiti cha zamani cha jikoni, watu wanne wanakiinua mabegani, na safari inaanza kutoka mstarini hadi kibanda cha klabu, magari yakipiga honi. Kwa miaka yote hiyo mimi nimekuwa mbeba mguu wa nyuma wa kushoto. Nimembeba daktari wa meno. Nimembeba mama wa posta. Nimembeba Clive, ambaye si mwepesi. Kikombe sikitaki, wabaki nacho. Nataka kukaa pale juu mara moja tu, nivione vipara vyao vyote kwa juu.

Basi nimejiunga na mafunzo ya akili kwenye simu. Mwalimu ana sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mgonjwa. Anasema bingwa huipiga shabaha kichwani kwanza, tena na tena, mpaka mkono unafuata wenyewe bila kuulizwa. Nimepanda ngazi nikachora shabaha kubwa kwenye dari, juu ya kitanda chetu, na chini yake nambari 7, maana kwenye mazoezi huwa napangiwa shabaha ya saba. Nikilala naiona, nikiamka naiona. Glenys alilala chali akaitazama kwa muda. Akauliza kama rangi hiyo inatoka. Nikamweleza kwa fahari kwamba ni rangi ya matangi.

Jumanne, 3 Septemba

Zoezi la kutobabaika. Mwalimu anasema bingwa hasikii kelele. Nikalala sebuleni na ufagio begani, kwa sababu bunduki haitoki kabatini kwa mchezo, nikamwomba Glenys anisumbue kadiri awezavyo.

Alianza na sufuria. Hazikunitikisa. Akaziweka chini, akavuta kiti, akaanza kuongea. Mifereji ya paa iliyojaa majani. Siku ya kuzaliwa ya mama yake niliyoisahau. Tangi la nyuma ya nyumba linalovuja tangu Krismasi, na vile majirani wanavyoona raha kwamba nyumba ya muuza matangi ndiyo inayodondosha maji. Mimi kimya. Nalenga. Saba, saba, saba. Kila pigo katikati kabisa.

Alipomaliza alifuta macho, akasema ameshukuru sana, hajawahi kusikilizwa hivyo tangu tuoane. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Jumatano, 4 Septemba

Leo nimeshambulia. Akili yangu ikipanda si lazima ya Clive ibaki pale pale. Inaweza kushuka.

Nilimkuta kwenye duka la mikate akila pai ya nyama. Nikamsalimu vizuri, nikamsifu upigaji wake, kisha nikauliza kama mtu asiye na nia yoyote: hivi, shem, unapofyatua huwa unavuta pumzi au unaitoa? Hilo ni sumu. Mtu asiyefikiri ukimfanya afikiri, amekwisha. Aliacha kutafuna. Akakodoa macho. Akasema, "Ala! Sijui, shem. Kwa kweli sijui."

Nikaondoka mwepesi kama niliyeoga. Pole sana, Clive.

Alhamisi, 5 Septemba

Siwezi kupumua.

Yaani napumua, lakini lazima nijikumbushe. Tangu jana jioni nikitaka kufyatua ufagio najiuliza: navuta au natoa? Nikivuta, kifua kinapanda. Nikitoa, naona kizunguzungu. Leo dukani mteja aliniuliza bei ya tangi kubwa nikamjibu huku nahema, akadhani bei yenyewe inanitia aibu, akaenda kwingine.

Halafu Clive akapiga simu. Amenishukuru. Anasema lile swali langu lilimfanya ajichunguze, akagundua miaka yote hii alikuwa anafyatua katikati ya pumzi. Leo mazoezini ameitoa kwanza, akatulia, ndipo akafyatua. Hajawahi kupiga vizuri hivyo maishani. "Nisingekuwa na wewe, shem, nisingejua," akasema. Nikamwambia asijali, ni udugu.

Sikukata tamaa. Mchana nilikwenda kwenye uwanja nyuma ya shule, kwenye mti wa magpai. Msimu huu ndege hao wana vifaranga na humdonoa kichwani kila apitaye. Hata mtu wa posta hapiti hapo. Nikavaa kopo la aiskrimu kichwani kama watoto wanavyofanya, nikalala kifudifudi chini ya mti na ufagio wangu. Wazo langu: atakayetulia chini ya magpai ataogopa nini tena?

Magpai mmoja alishuka kwa nyuma. Kopo lilimshinda mara ya kwanza. Mara ya pili alikuwa amelielewa, akaja kwa sikio. Nilikaa pale mpaka damu ikafika kwenye kola, na sikuinua kichwa. Muuguzi wa zahanati aliniuliza nilikuwa nafanya nini. Nilimwambia nilikuwa nakuza utulivu. Akaniomba nirudie. Lakini hapa kuna la kuandika: kwa muda wote ule nilipumua bila kufikiri. Nimepona.

Ijumaa, 6 Septemba

Kura zimepigwa klabuni. Noreen Tuckwell, msimamizi wetu, alichota vikaratasi kutoka kwenye kofia yake. Clive: saba. Mimi: nane.

Nilimfuata nje. Nikamweleza kwa heshima kwamba mimi na saba tuna uhusiano wa siku nyingi. Akasema kura ni kura. Nikasema nina shabaha nzima kwenye dari. Akasema, "Des, shabaha zote zina duara lile lile. Nenda nyumbani ukalale, baba."

Nikamwendea Clive tubadilishane. Aliitikia hapo hapo, hana kinyongo yule mtu. Lakini Noreen alikuwa nyuma yetu, akasema atakayebadilisha atapiga risasi zake mwaka kesho.

Sina wasiwasi. Nimeisikiliza tena sauti ya mwalimu njia nzima kurudi. Akili ya bingwa haichagui nambari.

Jumamosi, 7 Septemba

Pumziko. Nimelala chali karibu siku nzima nikitazama dari. Glenys amehamia chumba cha wageni, anasema ile saba inamtazama. Kwa siri nimejaribu pia jinsi nitakavyokaa kwenye kiti: mkono mmoja hewani, mwingine gotini, uso wa mtu aliyeshangazwa. Nimependeza.

Jumapili, 8 Septemba

Leo naandika kwa mkono wa kulia, ingawa mimi ni wa kushoto. Bega la kushoto halifai kwa sasa.

Masafa ya kwanza, safi. Ya pili, safi kuliko ya kwanza. Upepo ulitoka upande wa mto, bendera zikiinuka nusu na kulala, na mimi nazisoma kama gazeti. Nyuma yangu alikaa Mzee Alf Dunning akiniandikia alama, kama desturi. Kazi nyingine ya mwandishi ni kumkumbusha mpigaji nambari yake, na Alf hakuchoka. Nane, Des. Kumbuka nane. Kabla ya kila risasi na mimi nikajisemea hivyo hivyo. Ilikuwa kazi, kama kula kwa mkono usiouzoea, lakini niliiweza.

Kabla ya risasi ya mwisho nilikuwa mbele ya Clive kwa pointi nne. Nne! Katikati ni tano, ukingoni kabisa ni mbili. Nilichohitaji ni kugusa karatasi tu. Watu walianza kusogea. Nilimwona Glenys amesimama na mikono mdomoni. Nilimwona kijana wa Noreen akikileta kile kiti, akikipangusa vumbi kwa kofia.

Hapo moyo ukaanza kudunda. Nikakumbuka neno la mwisho la mwalimu: saa ikifika, acha kufikiri, iachie akili ifanye ilichozoea. Alf alikuwa anafungua mdomo tena. Nikachukua pamba niliyoiandaa, nikaziba masikio, kisha vizuia sauti juu yake. Dunia ikanyamaza. Nikatoa pumzi. Nikaiona shabaha yangu, tulivu, kubwa, kama ile ya darini. Sikuuliza swali hata moja. Bunduki ilifyatuka yenyewe.

Ilikuwa risasi nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nasema hivyo bado.

Mstari wote ulikuwa umekwisha kupiga, tukasubiri. Walioko handakini chini ya shabaha huishusha ile iliyopigwa, huziba tundu la zamani, huweka alama kwenye jipya, huipandisha. Nane haikushuka. Nikasubiri. Nane ilibaki pale juu, nzima, nyeupe. Saba ndiyo iliyoshuka, ikakaa chini muda mrefu, na ilipopanda ilikuwa na matundu mawili. Moja ukingoni, la Clive, ambaye alipiga chafya wakati anafyatua. La pili katikati ya katikati.

Nilitoa pamba. Alf alikuwa ananiambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema mara nyingi, "Nane, Des. Nane."

Kanuni anaijua kila mtu hapa. Matundu yakiwa mawili kwenye shabaha yako na haijulikani lipi ni lako, unapewa lililo bora. Clive: tano. Mimi: sifuri. Clive amenishinda kwa pointi moja. Nimekaa nikaipiga hesabu hiyo kila upande. Ningepiga mawingu ningeshinda. Ningepiga ng'ombe wa jirani ningeshinda. Hata saba ile ile, ningeipiga vibaya kidogo tu, tungelingana. Nimeshindwa kwa sababu nilipiga katikati.

Nilitamani kulia, na nadhani nililia kidogo, maana Noreen alinipa kitambaa bila kuulizwa.

Halafu wakaita wabebaji. Miguu yangu ilikwenda yenyewe kwenye mguu wa nyuma wa kushoto. Clive amenenepa. Njiani aliinama kutoka juu, akaniuliza taratibu, "Shem, ulikuwa unawaza nini pale?" Nikamjibu ukweli, kwamba nilikuwa nawaza saba.

Jumatatu, 9 Septemba

Asubuhi Clive alikuja na pikapu. Nyuma alikuwa amefunga kile kiti kwa kamba, na ndani ya gari walikuwemo Alf, Noreen na kijana wake. Akasema ile risasi ilikuwa yangu na hakulala vizuri. Akasema nikae, wanibebe kutoka getini hadi kwenye tangi linalovuja na kurudi, na honi atapiga Glenys. Glenys alikuwa ameshashika funguo.

Niliwatazama. Wote walikuwa makini kabisa, hata Alf na mgongo wake. Ningekubali, nadhani mguu mmoja ulishatangulia. Lakini kubebwa kwa huruma si kubebwa. Nikawashukuru, nikawaambia wakirudishe tu, mwaka kesho nitakipanda kihalali. Clive aliniangalia sana. Akashusha keki aliyoleta, wakala wote jikoni kwangu, na nikasikia wakicheka kuhusu magpai.

Mimi nilikuwa chumbani, juu ya ngazi. Nimechunguza kila kitu na kosa si langu. Mafunzo yamefanya kazi vizuri ajabu. Akili yangu imekwenda palepale nilipoituma. Ni anwani tu iliyokosewa. Kwa hiyo nimeifuta saba kwa kuipaka rangi juu, mara mbili, na kuandika 8 kubwa kuliko ile ya kwanza. Nimebakiwa na mwaka mzima. Ifikapo Septemba nitakuwa siijui nambari nyingine duniani.

Nilikuwa nasafisha brashi Noreen alipogonga mlango. Aliingia, akasimama katikati ya chumba, akaanza kusema kabla hajainua macho. Kamati imekaa jana ikanihurumia. Mwaka kesho, kwa heshima ya miaka yote niliyobeba kiti, mimi sitapigiwa kura. Nimepewa saba, ya kwangu, ya kudumu. Ameshaandika kwa wino.

Kisha akatazama juu.

Nilimshika mkono, nikamwambia ashukuru kamati na asihangaike. Kweli rangi ya matangi haitoki, lakini hilo ni dogo. Akili ya bingwa haichagui nambari.